Dira inasema kweli mezani, ikifika chomboni inadanganya. Watu wa zamani waliwezaje?

ngalawa_mbili ameuliza:

Habari za jioni wakuu. Nina swali moja la kazi na moja la udadisi tu.

La kazi: mjomba wangu ana boti ya faiba, tunatokea Tanga kwenda kuvua upande wa Pemba. Mwezi uliopita nilinunua dira ya mtumba, ile ya bakuli lenye maji ndani, maana simu ikilowa au ikiisha chaji tunabaki kukodolea macho nyota kama mababu. Nyumbani niliiweka juu ya meza nikailinganisha na dira ya simu, zikaelewana kabisa. Nikaifunga kwenye boti, juu ya kibao mbele ya usukani, pembeni ya redio. Siku ya kwanza tu, tulipopita Ulenge, imepishana na simu kwa nyuzi kama 20. Ajabu ni kwamba omo, yaani mbele ya boti, ikielekea kusini tofauti inapungua, ikielekea mashariki inazidi. Mjomba anasema dira imekufa, nimrudishie aliyeniuzia.

La udadisi: hawa watu wa merikebu za matanga, wasio na simu wala setilaiti, walijuaje kuwa dira inawadanganya? Na nani alikaa chini akaanza kuijaribu mpaka ikawa kitu cha kuaminika? Naomba kueleweshwa na wajuzi, si lazima kitaalamu sana.

bwana_pweza amejibu:

Mkuu umepigwa. Vitu vya mtumba vya baharini usinunue bila kwenda na mtu. Rudisha.

sukani_mstaafu amejibu:

Kijana, usirudishe. Ondoa hiyo redio kwanza. Spika ya redio ina sumaku mgongoni, tena ina nguvu kuliko sindano nzima ya dira yako. Ihamishe mita moja au zaidi, utoke nayo tena, kisha uje utuambie. Bwana pweza, muuzaji wa watu hana kosa bado.

Sasa hilo swali la pili ndilo langu, na kwa kuwa nimestaafu na sina pa kwenda, nitaandika marefu.

Nimeshika usukani miaka ishirini na sita. Nilianza kwenye jahazi la marehemu baba, kisha nikahamia meli za chuma. Jahazini dira haikutusumbua, mbao hazina neno nayo, isipokuwa safari moja tulipopakia mabati mpaka yakakaribia tezi, nyuma ya chombo ilipokaa dira. Usiku ule baba aliifunika dira kwa kikoi akasema leo tunakwenda kwa Jaa, nyota ya kaskazini, maana hii imelewa. Nilicheka. Nilipofika melini nikagundua kuwa meli nzima ni mabati.

Juu melini kuna nguzo inayobeba dira. Kulia na kushoto kwake kuna mipira miwili ya chuma, mikubwa kama madafu. Na mbele yake limesimama bomba la shaba, wima, limefunikwa juu. Bomba hilo nililisugua kila Jumamosi kwa miaka minne, likang'aa nikajiona ndani yake, nikiamini ni pambo. Siku moja tukiwa nje ya bandari akapanda mrekebisha dira na mkoba wake. Nahodha akaizungusha meli polepole, mara kaskazini, mara kaskazini mashariki, mara mashariki, hivyo hivyo mpaka duara likatimia, na kila kituo yule bwana anapima kitu kilichoko nchi kavu na kuandika. Kisha akaja kwenye bomba langu, akafungua kifuniko, akachomoa kipande cha chuma cha mviringo, kirefu. Akachomoa kingine kifupi. Chini yake kukatoka vipande vya mti. Akapanga upya, mti chini, chuma juu, akafunga. Nikamuuliza hiki ni nini? Akasema, huyu anaitwa Flinders, alifungwa Mauritius. Akashuka zake.

Basi mimi nikawa na kiu ya kumjua huyo mfungwa wa kwenye bomba. Nikisoma habari zake nikakuta ana wenzake wa kabla yake, na kila mmoja aliikuta dira na uongo wa aina yake.

Nianze na Mwingereza Robert Norman. Huyu alikuwa baharia karibu miaka 20, kisha akakaa London akawa fundi wa dira. Kwa hiyo si mtu wa vitabuni, ni mwenzetu. Wakati wake dira ilikuwa karatasi ya mviringo, sindano imegandishwa chini yake. Lakini sindano haielekei kaskazini ya kweli sawasawa, huenda pembeni kidogo, na upembe huo hubadilika toka mahali hadi mahali. Unajua mafundi walifanya nini? Kila fundi aliigandisha sindano kwa kuipindisha kidogo chini ya karatasi, ili alama ya kaskazini ielekee kaskazini ya kwao. Fundi wa Uingereza alipindisha hivi, wa Danzig vile, wa Bahari ya Kati hakupindisha kabisa. Sasa nunua dira bandari moja, ukatumie ramani iliyochorwa kwa dira ya bandari nyingine, uone utakapoamkia. Norman aliwapigia kelele kwenye kitabu chake cha 1581.

Lakini kilichomfanya aandike ni hasira, na hapo ndipo nilipompenda. Alikuwa akitengeneza sindano, anaisawazisha juu ya ncha mpaka inalala sawa kama mizani ya dhahabu. Akishaisugua kwenye jiwe la sumaku, ncha ya kaskazini inainama. Kila mara. Dawa yake ikawa kubandika nta kidogo upande wa pili, maisha yakaendelea. Siku moja akaagizwa chombo chenye sindano ndefu, inchi 6. Akaitengeneza kwa bidii, akaisugua, ikainama. Safari hii akaamua kuikata ile ncha nzito. Akakata, bado. Akakata tena. Akaikata mpaka ikawa fupi mno, kazi yote ikaharibika. Anasema mwenyewe kwamba alipandwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomsukuma kutafuta sababu. Fundi gani hajui hasira ya kukata kitu mara mbili na bado ni kifupi?

Akajiuliza: je, sumaku imeongeza uzito kwenye ncha ile? Akapima vipande vya chuma kwenye mizani kabla na baada ya kuvisugua. Uzito ule ule. Je, kuna kitu kinaivuta kwenda chini? Akachukua waya wa chuma cha pua, akaupitisha kwenye kizibo, akakichonga kizibo kwa kisu kidogo kidogo mpaka kikaacha kuelea na kikaacha kuzama, kikabaki katikati ya maji ndani ya bilauri. Jaribu kufanya hivyo nyumbani uone kama una subira. Akautoa, akausugua kwenye jiwe, akaurudisha majini. Waya uliinamisha ncha yake, lakini haukushuka chini hata unywele mmoja. Maana yake sindano haivutwi, inaelekezwa tu. Akatengeneza sindano ya kusimama wima kama gurudumu, akapima mwinamo wa London: nyuzi 71 na dakika 50. Yote hayo kwa sababu ya kazi ya mteja iliyoharibika.

Nipite haraka kwenye vitunguu thaumu, maana siwezi kuviacha. Ulaya iliaminika kwamba kitunguu thaumu huua sumaku, na kwamba mshika usukani akikila, pumzi yake huilewesha dira. Mtaalamu wa Napoli, Giambattista della Porta, aliwauliza mabaharia. Wakamcheka, wakamwambia wako radhi kufa kuliko kuacha vitunguu. Yeye akala thaumu akaipumulia sumaku, akaipaka na maji yake, sumaku ikafanya kazi kama kawaida. Hayo aliyaandika 1589. Miaka 11 baadaye William Gilbert, daktari wa London, akaipima sumaku na almasi 75 mbele ya mashahidi, kwa sababu almasi nayo ilisingiziwa. Hakuna kitu. Mimi nimekula thaumu nikishika usukani zamu ya usiku wa manane, aliyelalamika ni afisa wa zamu tu.

Sasa nije kwa yule ambaye habari yake imeniuma zaidi.

Januari 1749 merikebu ya biashara iitwayo Dover, nahodha wake John Waddell, ilikuwa ikitoka New York kwenda London. Radi ikaipiga. Waliposalimika wakakuta dira zao zimeharibika, hazijui tena kaskazini. Dira moja ikapelekwa kwa Gowin Knight, London. Knight alikuwa tabibu, lakini tiba yake hasa ilikuwa chuma. Alikuwa na ufundi wa kutengeneza sumaku za chuma cha pua zenye nguvu kupita mawe yote ya asili, na 1747 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ilikuwa imempa nishani ya Copley kwa kazi hiyo. Ufundi wenyewe aliuficha, wakaja kuujua vizuri alipokwisha kufa: alikuwa na mafungu mawili ya vyuma, kila fungu vyuma 240, na katikati ya mafungu hayo ndipo alipochaji sindano zake.

Akaifungua dira ya Dover. Radi aliielewa. Kilichomshtua ni dira yenyewe. Sindano haikuwa sindano, ilikuwa nyaya mbili za chuma zilizokunjwa na kukutanishwa ncha, zikafanya umbo kama la kishada. Chuma laini, kisichoshika usumaku muda mrefu. Na kisanduku cha dira, sikiliza vizuri, kiliunganishwa kwa nyaya za chuma. Watu wamevuka Atlantiki wakiongozwa na dira iliyofungiwa ndani ya chuma! Akanunua dira nyingine madukani, akazilinganisha. Zikapishana. Kila moja ina kaskazini yake.

Akabuni ya kwake. Sindano moja, bapa, iliyonyooka, ya chuma kigumu cha pua, imejazwa usumaku mpaka basi. Inazunguka juu ya ncha ya sindano ya kushonea, hii hii ya fundi cherehani, ikichakaa unabadilisha kwa senti chache. Kwa bakuli na duara la karatasi akasaidiwa na John Smeaton, fundi kijana wakati ule, ndiye aliyekuja kujenga mnara wa taa wa Eddystone. Kufika 1752 jeshi la majini la Uingereza likaamuru dira za Knight zipewe merikebu zake zinazokwenda ng'ambo. Mwaka 1756 akateuliwa mkuu wa kwanza wa British Museum. Mambo yamenyooka.

Mambo yamenyooka mezani. Baharini mabaharia wakaanza kunung'unika. Dira ya Knight haitulii! Bahari ikichafuka, duara linayumba huku na huku, mshika usukani hajui ashike lipi. Hata nahodha James Cook, alipokuwa akijiandaa na safari ya merikebu Endeavour mwaka 1768, aliomba dira ya kupimia ya fundi mwingine, Gregory, kwa sababu ile ya Knight ina mwendo wa haraka mno, haifai kwenye chombo kidogo.

Kwa nini? Nimelifikiria hili nikiwa kwenye usukani wenyewe. Sindano ni kama bembea. Ukiisukuma hurudi, hupita, hurudi tena. Sumaku ikiwa na nguvu nyingi, kurudi kwake kunakuwa kwa haraka. Na chombo nacho kinalala kulia na kushoto kwa mapigo yake. Mapigo ya chombo yakikaribiana na mapigo ya sindano, ni kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anapofika. Haitulii hadi asubuhi. Knight alipima nguvu ya sindano kwa umakini kuliko mtu yeyote wa zama zake, lakini alipima kwenye nyumba isiyoyumba. Zile dira duni za nyaya, uvivu wao ulikuwa unawasaidia washika usukani bila mtu kujua. Mimi simcheki Knight. Ila angenyimwa usingizi zamu tatu za usiku juu ya sitaha, angeongeza kitu cha kuituliza mapema.

Kitu chenyewe unacho wewe, ngalawa_mbili. Hayo maji ndani ya bakuli lako, ambayo si maji matupu, kwa kawaida huchanganywa spiriti au ni mafuta mepesi. Sindano ikitaka kuruka, kioevu kinaishika shati. Francis Crow wa Faversham alichukua hataza ya dira ya namna hiyo 1813. Wengine walipita njia nyingine: William Thomson, yule Lord Kelvin, katika miaka ya 1870 alitengeneza duara jepesi mno la nyuzi za hariri na pete ya nje, na chini yake vijisindano vinane vifupi. Sumaku ndogo, uzito uko pembeni, kwa hiyo inarudi taratibu. Ile mipira miwili niliyosema ni ya nguzo yake.

Nimechoka kuandika kwa kidole kimoja. Ya Flinders nitamalizia baada ya Isha.

mwanakupona_jr amejibu:

Shikamoo mzee. Nimefurahia, lakini nina neno. Mbona wote ni Waingereza na jirani zao? Shen Kuo wa Uchina aliandika 1088 kuhusu sindano iliyosuguliwa sumaku, akaining'iniza kwa uzi mmoja wa hariri mahali pasipo na upepo, na akasema wazi kwamba haielekei kusini sawasawa, inakwenda kidogo mashariki. Hiyo ni karibu miaka 500 kabla ya Norman wako. Na Bailak al-Qibjaqi aliandika 1282 kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi, hii yetu, hutumia samaki wa chuma aliye wazi ndani, aliyesuguliwa sumaku, wakamwelesha majini, kichwa na mkia vikaonyesha kaskazini na kusini. Tusisahaulike jamani.

sukani_mstaafu amejibu:

Marahaba mwanangu. Hujanikosea, umenisahihisha. Habari ya yule samaki ninaijua na nilipaswa kuanza naye, maana ni jaribio zuri sana: badala ya kuhangaika na ncha ya kusimamia, wakaacha maji yabebe uzito. Kijana wetu hapo juu amenunua mjukuu wa yule samaki kwa pesa ya mtumba. Ila nahodha wa huku hakuhitaji dira kwa kiasi walichohitaji wao. Sisi tulikuwa na anga safi, pepo mbili za kuaminika, Jaa kaskazini na Suheli kusini. Mtu wa bahari ya ukungu na mawingu wiki mbili hana budi kuilaumu dira mpaka isahihike.

Na kwa kuwa umeitaja bahari yetu, ngoja nikupe hii. Agosti 1538 Mreno João de Castro alikuwa kisiwa cha Msumbiji, njiani kwenda India. Alipewa kazi ya kujaribu vyombo vipya vya kupimia jua na upotovu wa sindano, yaani inavyoiacha kaskazini ya kweli, vilivyobuniwa na Pedro Nunes, mwanahisabati wa Ureno. Akawa anapima na vipimo havikubaliani. Mwishowe akatambua kwamba karibu yake kuna mzinga, na chuma cha mzinga ndicho kinachoivuta sindano. Akausogeza mbali, vipimo vikarudi mahali pake. Mwaka huo huo, karibu na Baçaim huko India, akakuta miamba nayo inaihangaisha sindano. Kwa hiyo ngalawa_mbili, redio yako ina babu yake, na babu yake yuko Msumbiji.

Tena Wareno hao hao hawakuwaambia vizuri waliokuja baada yao, au waliambiwa wakapuuza, maana karne mbili na nusu baadaye Flinders anapigana na chuma kile kile.

Matthew Flinders alikuwa anaizunguka Australia na merikebu Investigator, 1801 hadi 1803. Akaona kitu ambacho wewe umekiona: dira inabadilika kutokana na omo inaelekea wapi. Omo mashariki, inakosea upande mmoja. Omo magharibi, inakosea upande wa pili. Omo kaskazini au kusini, afadhali. Na alipotoka nusu ya kaskazini ya dunia kuja kusini, makosa yakageuka upande. Hapo akaunganisha na mwinamo wa Norman. Chuma kilichosimama wima melini hujipatia usumaku kutoka duniani kwenyewe, na kwa kuwa mwinamo wa kaskazini unakwenda chini kwa ncha moja na wa kusini kwa ncha nyingine, chuma kile kile hugeuka tabia ukivuka.

Akirudi kwao 1803 akaingia Mauritius kutengeneza chombo, hajui kwamba Ufaransa na Uingereza wako vitani tena. Gavana wa Kifaransa akamshika, akakaa huko zaidi ya miaka 6. Akatumia muda wake. Akaandika makala juu ya dira, ikatumwa London, Royal Society wakaichapa 1805 naye akiwa bado mfungwa. Aliachiliwa 1810, na 1812 akapewa merikebu za kufanyia majaribio, kwenye bandari za Sheerness na Portsmouth, kuzizungusha na kupima kama alivyofanya yule mrekebisha dira wangu. Dawa aliyoipendekeza ni kusimamisha fimbo ya chuma laini wima karibu na dira, ili upotovu wake uue upotovu wa chuma kingine. Alikufa 1814, na umri wake 40 tu.

Ndiye yuko kwenye bomba la shaba.

mwalimu_sayansi_tanga amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa hapa Tanga. Nilisoma uzi huu jana usiku, asubuhi nikaingia nao darasani badala ya notisi.

Kizibo cha kuelea katikati ya maji kilitushinda kabisa. Tulijaribu kwa kipande cha ndala, nusu saa nzima, ama kinaelea ama kinazama, mwanafunzi mmoja akasema huyo Norman hakuwa na kengele ya kipindi. Tukatumia njia nyepesi: sindano ya kushonea, uzi mwembamba umefungwa katikati, tone la gundi ili uzi usiteleze. Tukaisawazisha mpaka ikalala sawa. Kisha tukaisugua kwenye sumaku ya spika mbovu, upande mmoja, mara thelathini. Tukaining'iniza tena, madirisha yamefungwa.

Iligeuka, ikatafuta kaskazini, na ikainama. Lakini iliyoinama si ncha ya kaskazini, ni ya kusini! Darasa likasema kitabu kimekosea, au mzee amekosea. Ikabidi nichore dunia ubaoni. Mstari ambao sindano hulala sawa bila kuinama, kwa Afrika, unapita kaskazini yetu, huko Ethiopia. London wako juu ya mstari huo, kwao kaskazini ndiyo inayozama. Sisi Tanga tuko chini yake, kwetu ni kusini, na mwinamo si mkali kama wao. Ndiyo maana watengenezaji wa dira huzisawazisha kwa kanda, na dira iliyosawazishwa kwa Ulaya ukiileta huku duara lake linaweza kulala upande. Ngalawa_mbili, angalia na yako, maana mtumba mwingi unatoka huko.

Ile sindano bado inaning'inia dirishani. Wamekataa niitoe.

sukani_mstaafu amejibu:

Marahaba mwalimu, umenifurahisha kuliko unavyojua. Wale watoto wawaache wabishe. Norman mwenyewe angekuja Tanga angesugua macho.

ngalawa_mbili amejibu:

Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu, na wote mliochangia. Nimerudi na taarifa.

Jumanne niliihamisha redio, sasa iko nyuma chini ya benchi, ni zaidi ya mita mbili. Tukatoka na mjomba asubuhi bahari imetulia. Nikafanya kama yule mrekebisha dira, nikamwomba mjomba azungushe boti polepole, mimi naandika ya dira na ya simu, simu nimeishika mbali nayo. Mjomba alilalamikia mafuta lakini akazungusha. Kutoka nyuzi 20 imeshuka hadi 6, pale ilipokuwa inazidi, yaani mashariki. Kusini na kaskazini zinakubaliana kabisa. Magharibi inakosea nyuzi 5 upande wa pili.

Duara limelala kidogo kweli, mwalimu, lakini linazunguka bila kugusa kioo.

Hizi 6 zinatoka wapi sasa? Injini iko nyuma kabisa. Nanga tuliiacha pwani siku hiyo ili nisibabaike.

sukani_mstaafu amejibu:

Umefanya kazi ya kiume. Andika hizo tarakimu kwenye kikaratasi, kigandishe karibu na dira, kila mwelekeo na kosa lake. Hata meli kubwa zina kikaratasi hicho.

Lakini nyuzi 6 kwenye boti ya faiba ni nyingi. Kile kibao ulichofungia dira, fundi alikipigilia na nini?

ngalawa_mbili amejibu:

Niliangalia baada ya kusoma hii. Misumari ya chuma ya inchi tatu, minne, miwili iko chini ya dira kabisa. Na bakuli lenyewe nililifunga kwa waya wa kufungia nondo.

bwana_pweza amejibu:

Dover! Hahahaha.

ngalawa_mbili amejibu:

Nimeing'oa yote jioni hii. Fundi amenuna, anasema kibao chake hakijawahi kulalamikiwa. Kesho nakwenda kutafuta skrubu za shaba.